Chupa ya Mlango wa Mbele

Mwenye glasi mkononi aiweke chini kwanza, asije akapaliwa. Habari hizi ni za nchi ya Kwababa, nchi ya mbali sana, isiyofanana na nchi yoyote unayoijua wewe. Ukiona inafanana, hayo ni macho yako, mimi simo.

Katika nchi hiyo Rais alipenda kuitwa Baba, na wanasheria wake, kwa kuwa ni watu wa mantiki, hawakuishia kwenye jina. Kama Rais ni Baba, walisema, basi wananchi wote ni watoto. Mtoto mwenye adabu hanywi pombe mbele ya baba yake. Na kwa kuwa jicho la Baba linaiona nchi nzima, hakuna kichochoro wala uvungu usio mbele yake. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kileo na Adabu, yenye vifungu vitatu tu. Cha kwanza kilisema hauziwi kileo mtu yeyote ila aliyemzidi Baba umri. Cha pili kilisema hakuna mwananchi aliyemzidi Baba umri. Cha tatu kilisema mtoto akitumwa kileo na mkubwa wake, auziwe, na asihesabiwe kosa. Hicho cha tatu Baba alikiandika mwenyewe kwa kukumbuka utoto wake, na wabunge walikicheka sana chooni, maana baada ya cha pili hapakuwa na mkubwa wa kumtuma mtu.

Wale waliozaliwa kabla ya Baba, Wizara ya Umri na Makuzi iliwapunguzia miaka bure. Ajuza aliingia ofisini na miaka themanini akatoka na hamsini na ushei, na akaambiwa ashukuru. Suruali ndefu zikawa za Baba peke yake. Majaji, maaskofu na wakuu wa majeshi wakavaa kaptula, na kipindi cha baridi magoti ya dola yalikuwa yakitetemeka bila ubaguzi. Shikamoo nayo ikataifishwa. Kila asubuhi wananchi walisimama mbele ya redio wakasema shikamoo, na redio ikaitikia marahaba. Huko mitaani vikongwe wenye mikongojo walikutana wakaulizana mambo, wakajibiana poa.

Maduka ya vileo, la hasha, hayakufungwa. Yalikuwa wazi, yamefagiliwa, chupa zimepangwa kwa rangi, ili mgeni aone jinsi nchi ilivyo huru. Kwa mlango wa mbele hayakuwahi kuuza hata kizibo. Kwa mlango wa nyuma yaliuza kitu kilichoitwa dawa ya kifua, na foleni yake haikukatika kutwa nzima. Taifa lile lilikuwa na vifua vibovu kweli kweli.

Huko ndiko alikofika Sefania Mrindoko, refa mstaafu wa ligi ya mkoa kutoka Upareni. Mbishi huyu. Alichezesha mpira mpaka goti la kulia likamkataa. Alipigwa mawe, akafungiwa chooni na mashabiki, akakimbizwa hadi kituo cha polisi akiwa na soksi moja, na hakuwahi kubadili uamuzi. Filimbi ikilia imelia, ndiyo ilikuwa dini yake baada ya ile ya kanisani, na filimbi yenyewe alitembea nayo mfukoni mpaka siku hiyo.

Alikwenda kumposea mwanawe. Elikana, kitinda mimba wake, alikuwa fundi wa majokofu huko Kwababa, na alikuwa amempenda binti aitwaye Lulela hadi shingo ikawa nyembamba. Sefania akabeba galoni la dengelua, pombe ya miwa ya kwao, kwa sababu Mpare hazungumzi posa na koo kavu. Uwanja wa ndege maofisa wa forodha wakamwambia mtoto haingii nchini na kileo, kwa hiyo galoni litateketezwa. Wakaliteketeza mbele yake, kikombe kwa kikombe, na mmoja akauliza kwa upole kama imetiwa tangawizi. Elikana aliyekuja kumpokea akampa mkono na kumwambia, "Mambo, kaka." Nusura mzee amzabe kibao. Ikabidi kijana amnong'oneze kwamba huku neno baba lina mwenyewe, na polisi wako nyuma ya nguzo.

Wakaenda moja kwa moja kwa Bi. Kisawa, bibi aliyemlea Lulela. Kikongwe mkavu, macho makali, ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Hali ya nyumba ile haikuwa nzuri. Naibu Waziri mmoja alikuwa amemtaka Lulela, amekwishatuma watu mara tatu, na mara ya tatu walidokeza kwamba mtoto haruhusiwi kumiliki nyumba, na kwamba serikali imekuwa ikimfumbia macho Bi. Kisawa kwa huruma tu. Kesho yake wangerudi. Lulela alieleza haya akiwa amesimama mlangoni, na kabla hajayamaliza akaingia ndani.

Sefania akasema anataka kumposea mwanawe leo hii. Bi. Kisawa akaacha mchele.

"Watoto hawaozeshani," akasema. "Naibu Waziri mtoto, mwanao mtoto, na mimi wamenifanya mtoto. Sitamtoa mjukuu wangu kwa watoto wenzangu, hata wakichukua nyumba. Kama kwenu kuna mtu mzima mmoja, aniletee chupa iliyotoka mlango wa mbele."

"Nitaileta," akasema Sefania.

"Kabla jua halijazama. Na ya mlango wa nyuma naijua kwa harufu."

Njiani Elikana alimsihi sana. Alisema hakuna aliyewahi, alisema wataishia kufukuzwa nchini wote wawili, alisema afadhali wamtoroshe Lulela usiku. Sefania akamjibu kwamba mlango ni mlango, umetengenezwa watu wapite, na yeye hatoroshi mtoto wa watu kama kuku.

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka Wizara ya Umri na Makuzi. Aliyeuza mbele, au tuseme aliyekuwa hauzi mbele, aliitwa Mama Shuwena. Aliajiriwa akiwa msichana, na kazi yake yote ilikuwa kuwaambia wageni samahani. Alikuwa amefuma sweta za ukoo mzima kwenye kiti kile. Sefania akaagiza chupa ya bia. Mama Shuwena akasema samahani bila kuinua macho. Sefania akaweka pasipoti mezani.

Mwanamke akaichukua kwa mazoea, akaufungua ukurasa, akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena kwa sindano za kufumia. Baba alikuwa na sitini na tisa, kila mtu alijua, kwa kuwa keki ya sabini ilikuwa imekwishaanza kuokwa na ilihitaji tanuri la matofali. Huyu mzee alikuwa na sabini na mmoja. Na hakuwa mwananchi, hivyo kifungu cha pili hakikumgusa hata kwa ncha. Mama Shuwena akasimama, akajishika kifua, akavuta kamba ya kengele iliyowekwa ukutani kwa ajili ya siku atakapoonekana mtu mzima. Kengele ikakohoa kutu, kiota cha ndege kikaanguka, kisha ikalia mtaa mzima.

Askari walikuja mbio katika kaptula zao. Kumkamata mtu mzima hakukuwa kwenye mafunzo yao, kwa hiyo walimzunguka wakamwomba radhi mpaka wakamvusha barabara. Elikana wakamwacha nje. Sefania wakamkalisha kwa Mkurugenzi wa Umri, Bwana Ndiyobaba, mwenye kipara, miwani ya dhahabu, na mapaja yenye mvi.

"Mgeni mheshimiwa," akaanza Bwana Ndiyobaba, akisimama kana kwamba yuko bungeni, "nchi yetu changa, ambayo kwa hekima ya Baba itaendelea kuwa changa daima, inakukaribisha kwenye ujana wake wa milele." Kisha akaeleza kwa dakika nyingi neema anayotaka kumpa. Angempunguzia miaka ishirini, papo hapo, na muhuri. Wengine hutembea na rushwa kutafuta upendeleo kama huo. Angetoka pale ana hamsini na mmoja, nguvu tele, tena anaweza kuoa.

Sefania alifikiri juu ya goti lake, na nusu dakika hivi, tusidanganyane, alivutiwa. Akauliza kama goti nalo litapunguziwa. Bwana Ndiyobaba akasema goti liko chini ya wizara nyingine. Basi Sefania akauliza kama mtu wa hamsini na mmoja anauziwa bia. Hauziwi, akajibiwa, ni mtoto.

"Mimi nimezaliwa mwaka ulioandikwa kwenye pasipoti," akasema Sefania. "Filimbi ilikwishalia."

Ikabaki njia ya pili, nayo ni kumwongezea Baba miaka mitatu ili ampite mgeni. Karani mmoja aliyeitamka alinyamazishwa kwa viganja vinne. Nani angekwenda kumwambia Baba amezeeka? Na keki je? Halafu Bwana Ndiyobaba akaona shimo lililo kubwa kuliko hilo, akaketi ghafla. Kama nchini yumo mtu aliyemzidi Baba umri, na kama mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, basi tangu ndege ilipotua Jamhuri ya Kwababa ilikuwa inadaiwa shikamoo moja na refa kutoka Upareni.

Hapo upole ukamwisha. Akamwinamia Sefania, harufu ya dawa ya kifua ikatangulia, akamwambia kwamba asipokubali kupunguziwa atarudishwa kwao na ndege ya jioni, na mwanawe pamoja naye, na ya yule binti watayamaliza wenyewe. Sefania akatazama dirishani. Elikana alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, kichwa mikononi, na jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la duka. Mzee akaogopa. Mawe ya mashabiki hayakuwahi kumtia hofu ile, kwa maana yalikuwa yakimpiga yeye mwenyewe. Akaingiza mkono mfukoni akaishika filimbi, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asiwe ameona faulo.

Alikuwa karibu kabisa kufungua mdomo na kukubali. Lakini Bwana Ndiyobaba alikuwa amekwishatoa taarifa ngazi ya juu, kama inavyompasa mtu asiyetaka lawama, na ngazi ya juu ikawa inapanda ngazi za Wizara, ving'ora vikilia nje. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Baba.

Kwenye picha Baba ana kifua kipana. Pale mlangoni alisimama mtu mfupi, anayetoka jasho, suruali yake ndefu ikiburuza kidogo, maana hakuna fundi aliyethubutu kuipima. Akawaamuru wote watoke. Akafunga mlango kwa ufunguo, akasikiliza kama kuna sikio nje, kisha akaja akasimama mbele ya kiti cha Sefania na kutazama viatu vyake.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji ya dimbwi kwa kidole cha mguu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Baba akasema hajambo. Akavuta kiti cha wageni, kile kifupi, akaketi, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi. Hakuna aliyemuuliza hujambo tangu alipoapishwa. Wote humpa shikamoo na kukimbia. Halafu akashusha sauti akauliza kama bia siku hizi ina ladha ile ile. Yeye hajaionja tangu sheria ipite. Inataka aliyemzidi Baba, na yeye, ajikakamue vipi, hajawahi kujizidi. Kila anayemkaribia ananuka dawa ya kifua na anaziba mdomo. Kumtuma mtu mlango wa nyuma hawezi, maana akimtuma amekubali kwamba upo.

Kwa hiyo katika nchi nzima aliyekuwa akiitii Sheria ya Kileo na Adabu alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeitunga. Sefania alimwonea huruma. Kisha akakumbuka jua.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Wa marehemu seremala, huko juu milimani."

"Alikuwa anakutuma pombe?"

"Kila jioni."

Sefania akainama, akatema mate sakafuni, kwenye marumaru ya Wizara, kitone kimoja kikubwa cha heshima. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mtoto anajua maana yake. Baba alikitazama kile kitone, na miaka yote ya ikulu ikamtoka usoni.

"Chupa mbili," akasema Sefania. "Nenda mlango wa mbele. Usisimame kutazama watu, wala usionje njiani. Mate haya yasikauke hujarudi."

Baba akafungua mlango akatoka mbio.

Sefania alijivuta mpaka dirishani. Akamwona Rais wa Jamhuri akivuka barabara, ameishika suruali kwa mikono miwili isimwangushe, walinzi wakimfuata bila kujua wamlinde na nini. Foleni ya mlango wa nyuma ikageuka nzima nzima na kuja mbele kutazama. Sindano za Mama Shuwena zilipoanguka zilisikika mtaa mzima. Mwanamke yule alikuwa na swali moja tu alilofundishwa tangu usichana wake kwa ajili ya kifungu cha tatu, na hakuwahi kupata wa kumuuliza. Akamuuliza.

"Umetumwa na nani?"

Baba akatazama huku na huku. Watu mia kadhaa, magoti wazi, walikuwa wakimsubiri.

"Nimetumwa na mzee," akasema.

Mama Shuwena akazipiga chupa mbili muhuri wa mlango wa mbele, akamfungia kwenye gazeti, na kwa kuwa gazeti la Kwababa lina picha moja, Baba alirudi akiwa amejikumbatia mwenyewe. Aliporejea kitone cha mate kilikuwa bado kinang'aa. Sefania akamruhusu kukaa na kufungua yake. Akainywa taratibu juu ya meza ya Bwana Ndiyobaba, machozi yakimtiririka, akasema ni ile ile. Kisha, akiwa amepata joto, akaanza kuwa Rais tena. Alisema sheria hataifuta, watu watasemaje, ila atamteua Sefania kuwa Mtu Mzima wa Taifa, na gari, na bendera ndogo, na ofisi ya kutuma watu. Sefania akamwambia ahsante, ana posa.

Akashuka ngazi na chupa yake kwapani. Mlangoni pa Wizara alikuta hawezi kupita. Wazee walikuwa wamejaa hadi barabarani, kila mmoja na mkongojo wake, wakimwambia Bwana Ndiyobaba kwamba hawana fujo, wamefuata miaka yao. Mmoja alikuwa akidai ishirini na sita, na aliitaka yote, asichanganyiwe na ya mwingine. Bwana Ndiyobaba alikuwa akitafuta ngazi ya juu ya kuitaarifu, na ngazi ya juu ilikuwa imelala kwenye kiti chake.

Jua lilikuwa limegusa paa la nyumba ya Bi. Kisawa walipoingia uani. Lulela alikuwa amesimama pale pale mlangoni, macho mekundu. Sefania akaiweka chupa mkekani, na Lulela akaja akaketi kando ya bibi yake. Bi. Kisawa akalifungua gazeti, akainusa chupa, akaigeuza, akausoma muhuri wa mlango wa mbele ambao hajawahi kuuona. Akaishika muda mrefu bila kuifungua.

"Una miaka mingapi?" akauliza.

"Sabini na mmoja."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi wameniandika hamsini na minne."

"Na wewe mwenyewe unajijua una mingapi?"

Bi. Kisawa akatazama ukuta, akatazama mlango, mazoea hayo.

"Themanini na mitatu."

Hapo Sefania akasimama. Elikana alitaka kumshika mkono kwa ajili ya goti, mzee akausukuma. Alisimama wima, akaunyoosha ukosi wa shati, kisha akainama mbele ya mkeka mpaka goti likalia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kikongwe akafumba macho. Midomo ikacheza, ikilitafuta neno mahali lilipokuwa limewekwa miaka ile yote, na kwa muda Lulela alidhani bibi yake amelisahau.

"Marahaba," akasema Bi. Kisawa. Akaupapasa mkeka mpaka mkono wake ukaupata mkono wa mjukuu wake, akauvuta, akauweka juu ya mkono wa Elikana aliyekuwa amechuchumaa kando ya mzee. Macho bado alikuwa ameyafumba.

"Sema tena," akamwambia Sefania.